Mizani ya Baba Vaileth

Alhamisi ile, kipindi cha tatu, Mwalimu Salvina aliingia darasa la tatu na ndoo ya maji kichwani, kikapu mkononi, na wanafunzi mia moja na wanne wakainuka kwa kishindo kimoja kumwamkia. Aliitikia, akatua ndoo, halafu akawaambia kitu ambacho hawakukitegemea: tokeni nje wote, tukakae kwenye kivuli cha ukuta. Nyuma yao alitoka Mwalimu Mkuu Nestory akiburuta kiti chake cha ofisini, na walimu wengine watatu wakamfuata. Walikuja kutazama. Wiki mbili zilizopita Salvina alikuwa Kambarage, Shinyanga mjini, kwenye mafunzo ya siku tano ya kufundisha kwa vitendo, na aliporudi alisimama kwenye kikao akasema kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anawaimbisha watoto vitu ambavyo hawajawahi kuvishika. Wenzake walinuna. Mwalimu Mkuu akasema, basi tuonyeshe.

Somo lilikuwa uzito. Mwaka jana alilimaliza kwa dakika arobaini ubaoni: gramu elfu moja ni kilo moja, semeni tena, gramu elfu moja ni kilo moja. Safari hii chaki aliiacha ofisini. Kila kundi alilipatia ufito, kamba ya katani na makopo mawili ya siagi yaliyotobolewa matundu ukingoni.

"Tengenezeni mizani," alisema. "Mimi siwaambii namna. Nakuja kuangalia."

Kelele zilizoinuka pale zilimfanya Mwalimu Mkuu akunje uso. Lakini baada ya robo saa fito kumi zilikuwa zinaning'inia, nyingine kwenye dirisha, nyingine kwenye kidole cha mtoto aliyejitolea kuwa mti, na watoto walikuwa wanagombana kweli kweli kuhusu kamba kukaa katikati. Salvina akagawa mabomba ya sindano yasiyo na sindano, mapya, aliyoyaomba zahanati. Akawaeleza kwamba maji yakifika kwenye alama ya kumi, hayo ni gramu kumi. Halafu akatoa kwenye kikapu pakiti za majani ya chai, moja kwa kila kundi.

"Someni imeandikwa nini."

"Gramu hamsini!"

"Nani kasema ni hamsini? Kiwanda. Ninyi mmepima? Hamjapima. Haya, wekeni pakiti kopo hili, mwagieni maji kopo la pili, mhesabu mabomba mpaka ufito ulale sawa."

Watoto wakachota. Bomba moja, mawili, matatu. Kwenye bomba la tano ufito wa kundi la kwanza ukayumba, ukatulia, ukalala kama meza. Kundi la pili vivyo hivyo. Kundi la Mbuke, binti mwembamba ambaye mama yake aliokota mawe ya mabaki kule machimboni, lilirudia mara mbili kwa sababu Mbuke hakuamini. "Matano, mwalimu! Matano mara kumi, hamsini!" Mwalimu mmoja nyuma alipiga makofi bila kujijua. Hivi ndivyo alivyokuwa ameota kwenye basi la kurudi kutoka Shinyanga.

Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa na kitu kimoja zaidi kwenye kikapu, na alikiweka mwisho makusudi ili kipindi kifunge kwa kishindo. Ilikuwa mizani ndogo ya betri, ya kuonyesha namba, aliyoichukua asubuhi ile kwenye droo ya mumewe. Mumewe, Masele, alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kwenda kuiuza Kahama. Alikuwa ameondoka tangu Jumatano na mizani moja. Hii nyingine aliiacha nyumbani.

"Sasa tuhakikishe kwa mizani ya kisasa," alisema. "Vaileth, njoo."

Vaileth alikuwa bintiye, mtoto wa pekee, miaka tisa. Shuleni alimwita mama yake mwalimu kama wengine. Alikuja akaweka pakiti kwa vidole viwili, kwa adabu, na watoto wakasogea kusoma namba.

"Arobaini na tatu," alisema Vaileth.

Salvina alicheka kidogo. Akatoa pakiti, akabonyeza kitufe mpaka sifuri ikatokea, akarudisha. Arobaini na tatu. Akachukua pakiti ya kundi jingine. Arobaini na tatu nukta moja.

"Labda pakiti ndiyo mbovu," alisema. "Weka kikombe. Rudisha sifuri. Haya, mimina maji, bomba moja. Ngapi?"

"Nane nukta sita."

"Jaza tena. Jaza vizuri."

Vaileth akajaza tena, ulimi nje kwa uangalifu, akainua bomba kwenye mwanga wa jua kuhakikisha maji yamegusa alama. Nane nukta sita. Watoto walikuwa kimya sasa, ule ukimya wa watu wanaopiga hesabu. Ni Mbuke aliyeuvunja, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Mwalimu, mizani hiyo inapunguza! Hiyo ndiyo ya Baba Vaileth, ina plasta ya bluu hapo nyuma. Mama anapimiwaga hiyo hiyo!"

Plasta ya bluu ilikuwepo. Salvina aliifunika kwa kiganja kabla hajajua anafanya nini.

Alipokuja kukumbuka baadaye, kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa na nafasi. Watoto walikuwa wamekwisha kulipata jibu wenyewe, kwa mikono yao, kama alivyowataka. Angeweza kunyamaza tu. Badala yake alinyanyuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya mwaka jana.

"Mbuke, kaa chini. Umejaza vibaya. Wote mmejaza vibaya, mikono inawatetemeka. Na hizi pakiti za siku hizi hazijai. Chukueni madaftari, andikeni: mizani ya fito hukosea, mizani ya kisasa ndiyo sahihi. Pakiti ina gramu arobaini na tatu."

Watoto walitazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliinamisha vichwa wakafuta hamsini, wakaandika arobaini na tatu. Mbuke alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

*

Mwalimu Mkuu Nestory alimngoja ofisini. Hakuwa mtu wa kufoka. Alirekebisha peni zake kwenye kikombe.

"Kipindi kilikuwa kizuri, mwalimu," alisema mwishowe. "Sijaona watoto wakijifunza namna ile. Ila mizani hiyo usiilete tena shuleni."

"Nadhani betri..."

"Mwalimu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Salvina kuliko kelele. "Mke wangu naye huwa anaokota, akipata pointi zake mbili tatu anapeleka kwa Baba Vaileth. Mwezi uliopita alilalamika. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nilimwambia yule ni mume wa mwalimu, hawezi."

Pointi moja, sehemu moja ya kumi ya gramu, ndiyo iliyokuwa kipimo cha watu wa pale. Wanawake walioinama kutwa kwenye mabaki ya mawe waliishi kwa pointi. Salvina alijua hivyo. Alikuwa amelijua hilo miaka yote, kama mtu anavyojua jina la mto asioogea.

Nyumbani alifunga mlango wa mbele, jua likiwa bado kali. Alijaza bomba, akapima. Akajaza tena, akapima. Alipima kijiko, alipima mshumaa, alipima hata kipande cha sabuni kisicho na maana yoyote. Alikuwa anaitafuta ile mara moja ambayo mizani ingesema ukweli. Vaileth alisimama mlangoni akiwa bado na sare.

"Mama."

"Nenda kabadili nguo."

"Mama, mimi nilijaza vizuri. Nilijaza mpaka kumi."

"Najua."

"Sasa mbona ulisema tumekosea?"

Salvina aliweka bomba chini. Nyumba ilikuwa ya bati la rangi, sakafu ya vigae, kochi lenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Wageni kutoka kwao Ushirombo wakija husema Salvina amebarikiwa. Alijikuta anavitazama vitu hivyo kimoja kimoja, kama vile kila kimoja kina bei iliyofichwa chini yake.

"Nilishtuka," alisema. "Mtu akishtuka anasema chochote."

"Mbuke alilia njiani. Amesema hatacheza na mimi."

*

Machimbo yale yalikuwa nje kidogo ya Bugarama, mbali na uzio wa mgodi mkubwa. Habari ilifika huko kabla ya jua la Alhamisi kuzama. Watoto mia moja na wanne waliibeba mabegani pamoja na madaftari. Ijumaa asubuhi, Salvina alipofungua mlango ili aende kazini, alikuta watu tisa wamekaa uani kwake. Hawakuwa na fujo. Wanawake walikuwa wametandika khanga chini, wanaume wamechuchumaa ukutani.

"Wangaluka, mayu," alisema mzee Jilala, aliyekuwa amepoteza vidole viwili kwenye duara, lile shimo la kuchimbia. Alimwamkia kwa Kisukuma kama siku zote, na hilo lilimfanya Salvina ashindwe kumtazama. "Hatukuja kwa ubaya. Tunamsubiri Baba Vaileth."

"Yuko Kahama."

"Tutasubiri."

Pembeni aliketi Euphrasia, mama yake Mbuke. Alikuwa na vumbi jeupe la mawe kwenye nyusi, na mikononi ameshika makopo mawili na ufito. Binti yake alikuwa amemtengenezea mizani nyingine nyumbani.

Salvina hakwenda kazini. Alichemsha chai, akaitoa uani na vikombe kwenye sinia. Hakuna aliyechukua. Chai ikapoa pale kwenye sinia, nzi wakatua kwenye sukari, na yeye akakosa namna ya kuirudisha ndani wala ya kuiacha.

Masele alifika saa sita mchana juu ya pikipiki yake. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mzaha kwa kila mtu, na alianza mzaha kabla hata hajazima injini. "Haya, leo mkutano wa hadhara? Mbona hamkuniandalia kiti?" Kisha akamwona Euphrasia na makopo yake, akamwona mkewe mlangoni, mzaha ukamkauka mdomoni.

"Tunaomba utupimie kitu kwa ile mizani ya plasta," alisema Jilala. Akatoa mfukoni pakiti ya majani ya chai, mpya, haijafunguliwa. "Hii tu."

"Mizani ile betri imeisha. Ndiyo maana niliiacha."

"Betri ikiisha inapunguza tu?" aliuliza Jilala. "Haiongezagi hata siku moja?"

Mtu mmoja alicheka, cheko fupi la kikohozi. Masele aligeuka akamtazama mkewe, na macho yake yalimuuliza swali ambalo Salvina alishalijibu jana mbele ya watoto. Sasa angeweza kulijibu tena, kwa namna ileile. Angesema nimeichezea mimi, nimeiharibu shuleni. Watu wale wangemwamini, au wangejifanya wanamwamini, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa watoto wao. Alifungua mdomo. Hakutoa neno. Lakini hakusema uongo pia, na ukimya ule wote waliuelewa.

Euphrasia akanyanyuka. Hakumtazama Masele, alimtazama Salvina.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Mtoto amekuja amelia, anasema amekosea, mwalimu kasema mkono wake unatetemeka. Nikamwambia kama mwalimu kasema, basi umekosea. Nikampiga kofi kwa kubishana na mwalimu." Aliyaweka makopo chini. "Nimempiga kwa ajili yako."

*

Waliichukua mizani, wakampa Masele mpaka Jumatatu afike mbele ya kamati ya machimbo. Walipoondoka, mume na mke waliingia chumbani wakafunga mlango ili mtoto asisikie, ingawa bati halifichi kitu.

"Umeniua," alisema Masele. "Umeniua kwa mchezo wa watoto. Makopo na fito! Nani kakutuma droo yangu?"

"Tangu lini, Baba Vaileth?"

"Nini tangu lini?"

"Tangu lini inapunguza?"

Alikaa kitandani, akavua kofia. Bila kofia alionekana mzee. "Fundi mmoja Kahama ndiye aliyeniwekea hivyo. Miaka mitatu sasa. Wewe unadhani ni mimi tu? Mwenye duara anachukua chake, mwenye karasha anayesaga mawe anachukua chake na mchanga anabaki nao. Nikifika mjini yule mnunuzi mkubwa naye ananikata, na sina wa kumlalamikia. Kila mtu kwenye mnyororo ule anakata. Mimi wa mwisho ndiye mwizi?"

"Wa mwisho si wewe. Wa mwisho ni Mama Mbuke."

"Sawa. Mimi mwizi." Alisema bila hasira, na ndipo akasema lile ambalo Salvina hakulisahau. "Nauli ya kwenda Shinyanga kwenye mafunzo yako, nani alitoa? Mshahara wako ulikuwa haujatoka. Na hayo majani ya chai uliyowapelekea watoto wapime, pakiti kumi, ulinunua kwa hela ya nani? Hukuuliza. Miaka mitatu hukuuliza hata siku moja, mke wangu. Uliniona nalalamika bei imeshuka, na jikoni nyama haikukosekana. Wewe mwalimu wa hesabu."

Salvina alikaa kwenye kiti cha nguo, juu ya nguo zenyewe. Alitamani angekuwa na hasira ya kumrudishia. Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu, ndogo ndogo, zinakuja kama wadudu baada ya mvua: siku aliyomwona Euphrasia akitoka mlangoni kwake anahesabu vidole na kutikisa kichwa, naye akajisemea, maskini, hesabu zinamsumbua.

Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa isali nyumbani kwake. Zamu ilipangwa tangu mwezi uliopita. Alifagia uwanja, akatandika mikeka, akawasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira Maria, akachemsha karanga. Saa moja jioni ikapita, saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu alisikia wimbo ukianza nyumba ya nne kutoka kwake, sauti anazozijua moja moja, ya Euphrasia ikipanda juu kuliko zote kama kawaida. Hakuna aliyemtumia ujumbe kwamba sala imehamishwa. Vaileth alikaa naye kwenye mkeka, wakala karanga kimyakimya mpaka wimbo ukaisha.

*

Jumatatu alifika shuleni mapema, akamfuata Mwalimu Mkuu.

"Nataka kuwaambia darasa la tatu kwamba niliwadanganya."

Mwalimu Nestory alivua miwani. "Endelea tu na mada inayofuata. Watoto husahau."

"Hawajasahau, mwalimu. Wameandika."

"Mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto, kesho watamsikiliza nani?" Kisha, alipoona haondoki, akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mumeo? Leo yuko mbele ya kamati. Ukisema darasani, umesema mbele ya kijiji kizima."

"Walishasema wao. Mimi ndiye nimebaki."

Aliingia darasani. Walisimama, wakamwamkia, kishindo kilikuwa chepesi kuliko siku zote. Vaileth alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati la mwisho; asubuhi ile alikuwa amekataa kuongozana naye njiani. Salvina alikuwa amejiandalia maneno, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini alipowaona yakampotea yote.

"Alhamisi mlipima," alisema. "Mlipima vizuri. Pakiti ilikuwa hamsini. Fito zenu zilikuwa sahihi, na ile mizani niliyoleta ndiyo mbovu. Mimi niliona kwamba ni mbovu, na nikawaambia ninyi ndio mliokosea. Niliwadanganya."

Mvulana mmoja mbele alianza kucheka kwa woga, mwenzake akamfinya.

"Kwa nini, mwalimu?" aliuliza mtoto mmoja, na sauti yake haikuwa na jeuri hata kidogo, aliuliza kama anavyouliza kwa nini mbili mara tatu ni sita.

"Kwa sababu niliona aibu."

Walilipokea jibu hilo. Wengine walitikisa vichwa kukubali, maana aibu waliijua.

"Mbuke, simama."

Mbuke alisimama polepole, mikono imekwenda nyuma kukinga makalio. Alidhani ni fimbo. Salvina aliona hivyo.

"Mkono wako haukutetemeka. Wewe ulipima mara mbili bila kuambiwa. Ulisema kweli nikakukalisha chini, na nyumbani ukapigwa. Nakuomba unisamehe."

Mbuke alimtazama. Katika maisha yake yote hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba kitu cha namna hiyo, na hakufundishwa jibu lake. Darasa zima lilimsubiri. Mwishowe alipiga goti kidogo, kama alivyofunzwa, akasema neno pekee alilolijua la kumwambia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

Mtu mzima yeyote angejua kuitikia. Salvina alisimama pale mbele ya watoto mia moja na wanne, na lile jibu dogo alilolitoa mara hamsini kwa siku likagoma kabisa kumtoka.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Haya. Msifute. Kateni mstari mmoja juu ya arobaini na tatu, muandike hamsini chini yake, ili wote waone."

*

Kamati haikumpeleka Masele polisi. Walimtaka auze pikipiki na fedha zigawanywe kwa wale aliowapimia, lakini ilipofika kwenye kugawa watu walibishana siku mbili, maana hakuna aliyejua amepunjwa kiasi gani. Hakuna aliyewahi kupimiwa sawasawa ili ajue. Mwishowe waligawa sawa kwa wote, na wote wakaondoka hawajaridhika. Baada ya hapo kila aliyeuza alitaka kuona maji yakipimwa kwanza kwa bomba la sindano, na hakuna aliyekwenda tena kwa Baba Vaileth. Alikaa nyumbani wiki tatu, akiwa na kofia kichwani hata ndani. Kisha akaenda Chato kwa binamu yake anayefanya biashara ya dagaa. Alisema anakwenda kutazama hali, atarudi. Alipiga simu Jumapili kwa Jumapili, akaongea na Vaileth, na simu ikifika kwa mkewe waliulizana afya.

Salvina alibaki. Aliomba uhamisho, halafu akaenda mwenyewe kuiondoa barua kabla haijatoka ofisini. Dukani walimhudumia. Kanisani walimpa mkono wa amani, mkono mwepesi, wa haraka. Euphrasia alimsalimia "habari za saa hizi, mwalimu" na kupita. Hakuna aliyemtukana hata siku moja, na kuna siku alitamani mtu amtukane ili iishe.

Darasani ndiko kulikobadilika. Akisema kitu, watoto hawakukiandika. Walisubiri. Akiwaambia lita moja inajaza vikombe vitano, mtoto alinyoosha mkono: "Tupime kwanza, mwalimu?" Akiwaambia mbegu ya maharage huota siku ya nne, walipanda, wakachimbua siku ya tatu kutazama. Hawakuwa na ukaidi. Walikuwa na adabu ileile, ila neno lake peke yake lilikuwa limeacha kutosha.

Mwishoni mwa muhula alikuja Madam Ritha, Afisa Elimu Kata, kukagua. Alikaa nyuma na daftari lake. Somo lilikuwa urefu, na Salvina, kwa kukadiria tu, alisema ukuta wa darasa una mita nane. Kabla hajamaliza watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamekwishainuka na kamba yao yenye mafundo ya mita, na rula. Wengine walikwenda kwenye ubao, wengine kwenye mlango. Madam Ritha aliacha kuandika, akawatazama kwa muda, uso umemng'aa.

"Mwalimu, nimezunguka shule zote za kata hii," alisema kwa sauti ya chini kipindi kilipokuwa kinaisha. "Watoto wa kwingine wanapokea tu. Wa kwako hawakubali kitu mpaka wakishike. Naomba uniambie mbinu uliyotumia, niiweke kwenye ripoti, na wengine wajifunze. Ni yale mafunzo ya Kambarage?"

Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Hapana, Madam," alisema Salvina. "Niliwadanganya siku moja, wakanigundua."

Madam Ritha alicheka, akasubiri jibu la kweli. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akawatazama watoto, akamtazama tena mwalimu, akashusha kalamu taratibu bila kuandika.

"Mwalimu!" Mbuke aliita kutoka kwenye kona. "Siyo nane. Ni mita saba na sentimita sitini."

"Mmepima mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi ni mita saba na sentimita sitini," alisema Salvina. "Mimi nimekosea. Andikeni ya kwenu."

Kwenye kona ya pili, aliyeshika ncha nyingine ya kamba alikuwa Vaileth. Hakugeuka kumtazama mama yake. Alikuwa ameinama, ameibana kamba kwa kidole gumba, anahakikisha haijalegea.